Riwaya Yangu ya Anga za Mbali: Mafunzo Niliyopata Baada ya Kuisikia Ikisomwa

Niliwahi kuandika riwaya ya anga za mbali. Ilikuwa na himaya mbili zinazogombea nyota, binti mfalme aliyetekwa, manowari za angani zinazorushiana miale, na nahodha mmoja jasiri ambaye mke wangu anasema alifanana sana na mimi nilivyojidhania. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa fizikia hapa Sumbawanga na kiinua mgongo kilikuwa hakijaisha, nikalipia uchapaji kwa fedha yangu. Vitabu vilipokwama nikajifariji kwamba watu wa siku hizi hawasomi, wanasikiliza. Nikamtafuta kijana mwenye sauti nzuri, nikamlipa aisome yote studio. Hapo ndipo nilipoumbuka sawasawa. Kitabu kibovu kikiwa kabatini kinakuaibisha peke yako, kikisomwa kwa sauti kinasikika mpaka kwa jirani.

Jina la riwaya yenyewe silitaji. Maboksi bado yako chini ya kitanda na sitaki mtu anionee huruma akaja kununua. Ila najua wewe unayesoma hapa una daftari lako mahali, au faili ndani ya simu, na unakusudia kufika mbali kuliko nilipofika mimi. Chukua haya.

1. Kuanguka kutoka mbinguni ni sentensi moja

Sura zangu za mwanzo zilieleza jinsi chombo cha nahodha kilivyoanguka kwenye sayari ngeni. Niliandika joto la ngao, mtikisiko, moto, vumbi, taa nyekundu, moshi, kisha moto tena. Siku ya kurekodi nilikaa nyuma ya kioo pamoja na fundi mitambo, nimetulia kama baba wa bwana harusi. Kabla chombo hakijagusa ardhi fundi alishatoa simu yake na kuanza kuangalia mpira.

Kilichonishangaza baadaye ni kwamba mimi mwenyewe nimelelewa na hadithi ya mtu aliyeanguka kutoka mbinguni. Mfipa wa rika langu ameisikia kwa bibi yake. Mtu wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka juu dunia ilipoanza, akaanzisha Milansi, si mbali na mji huu wa leo. Basi, kuanguka kwenyewe kumekwisha. Hakuna ngao wala moshi. Bibi hakupoteza hata punje ya karanga kwa habari ya jinsi alivyoanguka, alikuwa anaharakisha kufika kwenye kiti.

Maana hadithi yenyewe ni ya kiti. Mfalme wa Milansi anaondoka kwenda kuwinda na anamwonya mkewe: watakuja wageni, usiwaachie kiti changu. Wanakuja kweli, wanawake watatu kutoka mbali. Mke anaingiwa na hofu na kiti kinakwenda. Mfalme anarudi, anakuta mambo yamekwisha, na inabidi wazungumze: wageni watatawala nchi, yeye abaki na Milansi yake. Kila msimulizi ana vionjo vyake, lakini mifupa ni hiyo. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, aliona uzito wa kisa hicho akakijadili kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 kuhusu kuundwa kwa dola ya Wafipa. Mimi nilikuwa nacho bure nyumbani tangu utotoni, nikaenda kuhangaika na miale.

Hebu tazama waliotutangulia. Shaaban Robert mwaka 1951 alituwekea Kusadikika, nchi nzima inayoelea angani. Inaeleaje? Hakujali, na sisi hatukuuliza. Alitupeleka moja kwa moja mahakamani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria, na anajitetea kwa habari za wajumbe waliotumwa pande zote, mmoja wao mpaka mbinguni, wakarudi na maarifa nchi ikawalipa kifungo. Mkenya Katama Mkangi naye, katika Walenisi ya mwaka 1995, anamrusha Dzombo angani kama adhabu na kumtua kwenye jamii nyingine kabisa. Chombo kipo, kinaruka, lakini kinachokukeshesha macho ni swali la watu hao wanaishije pamoja wakati sisi tumeshindwa.

Anga, ndugu yangu, ni bei rahisi. Kila mtu anaweza kuandika kwamba jua lilikuwa la kijani. Kabla hujaandika sura ya kwanza jiulize kiti kiko wapi, nani amekikalia, na nani yuko njiani anakuja kukitaka.

2. Hesabu zibaki darasani

Hili nitalimaliza upesi kwa sababu linaniuma. Nilitaka msomaji ajue kwamba mwandishi si mbabaishaji. Nikaeleza kwamba ili chombo kitoke kwenye uvutano wa dunia kinahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde. Nikaeleza kwamba nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya mwanga 4.2 hivi, na kwamba chombo cha Voyager 1 kilichorushwa mwaka 1977 kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza umbali wa namna hiyo kwa mwendo wake. Yote ni kweli. Halafu nikachora jedwali.

Je, umewahi kusikia jedwali likisomwa kwa sauti nzuri ya kiume yenye kinanda nyuma yake? Safu ya kwanza, nukta, safu ya pili, nukta. Mimi mwenyewe nilisinzia, na jedwali ni langu.

Hata hivyo ile miaka 70,000 ilikuwa na hadithi ndani yake. Mtu anayepanda chombo cha namna hiyo anaagana na ukoo mzima, na wajukuu wa wajukuu hawatajua alikotokea. Namba ilinionyesha msiba nami nikaandika namba. Kwenye kurasa zinazofuata nahodha wangu aliruka nyota hadi nyota kwa kubonyeza kitufe, akawahi chakula cha jioni.

3. Uwanja wa roketi ulikuwa Pwani

Chombo changu kiliruka kutoka Marekani. Sikufikiri mara mbili, kwani roketi huruka wapi tena? Miaka mingi nilifundisha wanafunzi habari za eksirei bila kuwaambia kwamba setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka baharini hapo Ngomeni, karibu na Malindi, kwenye jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na kwa heshima ya siku hiyo wakaiita Uhuru. Data zake zilisaidia kuielekeza dunia kwa Cygnus X-1, kitu ambacho wanasayansi walikuja kukubali kuwa ni shimo jeusi.

Wavuvi wa Ngomeni waliona roketi zikipanda kutoka majini wakiwa ndani ya mitumbwi yao. Sura hiyo ningeiandika mimi ingenilipa. Sasa iandike wewe, mimi nimechelewa.

4. Kabla ya kuunda chombo, panda meli

Manowari yangu ya angani ilikuwa safi mno. Korido nyeupe, milango inayofunguka yenyewe, watu wanapishana bila kugusana. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Kirando, alisikiliza sura mbili akaniuliza kama hao abiria hawana mizigo.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi wa mkoa huu tuna chombo chetu cha ajabu kuliko chochote nilichobuni. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku maelfu, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli kuelekea Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingizwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanaipoteza Kigoma waliizamisha wao wenyewe. Lakini mafundi kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito, ili siku moja ikiopolewa iweze kuwaka. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, ikahudumia bandari za Ziwa Tanganyika, Karema, Kirando, Kipili na Kasanga zikiwamo, kwa miongo na miongo.

Soma tena hapo kwenye grisi. Mtu anazamisha meli yake kwa mikono yake, adui yuko karibu, na bado anatumia muda wake wa mwisho kuilinda mitambo isioze. Hakuna mtu hata mmoja katika riwaya yangu aliyefanya jambo lenye maana mbili namna hiyo. Wabaya walikuwa wabaya tangu asubuhi.

Na ukitaka kujua vyombo viwili vinakutanaje angani, waulize waliowahi kupanda Liemba usiku pale ambapo hakuna gati. Meli inasimama ndani, taa zake zinaonekana toka mbali, honi inalia, na mitumbwi inatoka ufukweni ikishindana. Mtumbwi unapanda na wimbi, meli haipandi, na kati yavyo kuna pengo jeusi linalofunguka na kujifunga. Mama mwenye mtoto mgongoni anangoja wimbi limwinue, anarusha kwanza mfuko wa dagaa, halafu mkono. Mtu asiyemjua anamdaka kwenye kiwiko. Ninapoandika hivi moyo unanidunda. Mimi kitabuni niliandika, "Vyombo viliungana salama."

5. Usimlaumu msomaji wako wa studio

Niliposikia kazi imekamilika nilikasirika sana. Kijana alisoma kila kitu kwa sauti ya tangazo la gari la matangazo linalopita mitaani. Binti mfalme akilia, tangazo. Nahodha akinong'ona, tangazo. Nikamwambia mke wangu, huyu ameniharibia. Mke wangu akanishauri nichukue simu nijirekodi ukurasa mmoja nione mimi ningesomaje.

Nikajirekodi. Nikasikiliza. Nikatangaza vilevile kama yeye.

Tatizo lilikuwa karatasini. Kila sentensi niliifunga kwa alama ya mshangao, na kila aya ilianza na mlipuko. Sikumpa kijana wa watu mahali popote pa kushusha sauti. Msomaji hushusha sauti pale maandishi yanapomruhusu, na yangu yalikuwa yanapiga kelele hata yakieleza uji.

Kisha yale majina. Niliamini kiumbe wa nyota nyingine ni lazima awe na jina lisilotamkika, nikawapa maadui majina ya konsonanti tupu, yamekaa kama namba za usajili wa gari. Msomaji alilitamka jina la mfalme wao namna tatu tofauti, na wasikilizaji waliniuliza kwa nini himaya ina wafalme watatu. Kalulu, sungura wa hadithi za Kifipa, ana silabi tatu nyepesi; amevuka vizazi vingapi mdomoni mwa watu na mtoto wa miaka minne hajamkosea. Jina la mhusika wako litapita kwenye mdomo wa mtu. Litamke mara nyingi ukiwa unatembea. Likikukwaza wewe uliyelizaa, libadilishe.

Na sentensi. Kuna siku tukiwa studio kijana alisimama katikati ya aya, akaondoa vipokea sauti masikioni, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani mzee, hapa napumulia wapi?" Nikaangalia karatasi. Sentensi ilianza juu ya ukurasa na ilikuwa haijapata nukta. Nilikuwa nimeandika vishazi ndani ya vishazi, nikiamini ndiyo usomi. Nilimjibu apumue popote atakapoona panafaa, jibu ambalo mpaka leo naona haya nikilikumbuka.

Enzi za Radio Tanzania watoto wa nchi hii walikaa kimya mbele ya redio kumsikiliza Deborah Mwenda katika Mama na Mwana. Alizungumza kana kwamba mtoto amekaa mkekani mbele yake. Nyumba nzima ilitulia, hata watu wazima waliojifanya wana shughuli zao. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wazima hao, na nilijifanya nasahihisha madaftari.

Na msimulizi wa kijijini alikuwa na msaada ambao studio haina. Anasema hadithi hadithi, wanamjibu hadithi njoo. Katikati ya kisa wanaitikia, wanacheka, wanapinga. Wakinyamaza vibaya anajua amewapoteza, anakata kona. Msomaji wa studio amefungiwa kwenye chumba chenye sponji ukutani, anaambiwa afurahishe watu wasioonekana. Kama una fedha ya kurekodi, tenga kidogo ya nauli ya mtu mmoja wa kukaa ndani ya chumba kile kusikiliza tu. Asiwe ndugu yako. Asiwe mwalimu.

6. Msikilizaji ana kazi mikononi

Nilidhani mtu atakayesikiliza riwaya yangu atafunga mlango, atazima taa, atafumba macho. Msikilizaji wa kwanza wa kweli niliyemwona alikuwa jirani yangu, dada mmoja mkulima, msimu wa kupukuchua mahindi. Alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, amejifunga kitenge juu ya sweta kwa sababu baridi ya Juni kwetu haina mzaha. Simu ameiegemeza kwenye debe. Gunzi moja analitumia kusugulia hindi jingine, punje zinaruka kwenye turubai, kuku wanajipenyeza anawafukuza kwa mguu, na nahodha wangu anaunguruma kutoka ndani ya debe.

Nilisimama nje ya uzio nikiona fahari. Akaniona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unaionaje?"

Akaendelea kupukuchua kidogo. Halafu akasema, "Nzuri. Ila huyu nahodha wako, mwalimu, watoto wake kawaacha na nani?"

Nikamwambia hana watoto. Akauliza mkewe je. Nikamwambia hana mke. Mama yake? Nikamwambia haikuandikwa. Akanitazama kwa upole ule wanaomtazamia mgonjwa, akasema, "Basi hata akifa si sawa tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechukia. Nilijitetea moyoni kwamba hajui aina hii ya riwaya ina kanuni zake, kwamba mashujaa wa nyota ndivyo walivyo. Ilinichukua muda kukubali kwamba yule dada alikuwa amefika mahali palepale alipokuwa bibi yangu. Mfalme wa Milansi anapokwenda kuwinda tunajua amemwacha nani nyumbani na amemwachia nini, ndiyo maana kila hatua anayopiga porini inatutia wasiwasi. Nahodha wangu hakuacha kitu. Hata angepotea kati ya nyota, hakuna mlango ambao ungebaki wazi ukimngoja.

Jambo la pili aliloniambia siku hiyo ni la kiufundi, na lilinisaidia zaidi kuliko semina yoyote. Kuku wakiingia kwenye mahindi yeye hupoteza maneno kadhaa. Akirudi kusikiliza hajui nani anaongea, kwa sababu sikutaja. Karatasini macho yanarudi nyuma mstari mmoja, lakini mwenye unga au udongo mikononi hawezi kushika simu arudishe. Tangu hapo nikiandika mazungumzo namtaja anayesema mapema, na jambo zito nalipitisha mara mbili, mara ya pili kwa mlango mwingine. Wasimulizi wa zamani walirudia sana, nami darasani niliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba huko ni kukosa mpangilio. Mlionisikia nikisema hivyo, nisameheni.

7. Tafuta walipoachia

Miezi kadhaa baadaye niligundua kwamba riwaya yangu inauzwa mjini bila idhini yangu. Vibanda vya simu vinajaza watu nyimbo na simulizi kwenye memori kadi kwa bei ya soda, na sauti ya nahodha wangu ilikuwa humo. Nilivaa koti, nikaenda kwenye kibanda kimoja karibu na soko nikiwa nimepanga hotuba nzima kuhusu hakimiliki. Hasira haikuwa peke yake, kulikuwa na furaha kidogo imejificha chini yake: kumbe naibiwa, kumbe nina thamani.

Kijana wa kibanda alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nilipomaliza hotuba akaomba radhi, kisha akafungua kompyuta yake anionyeshe hana nia mbaya. Simulizi yangu ilikuwa na sehemu nyingi. Aliyokuwa nayo yeye ni ya kwanza tu.

Nikamuuliza nyingine ziko wapi.

"Nilikuwa nazo, mzee. Nikazifuta nipate nafasi. Wakishasikiliza ya kwanza hawarudi kuulizia."

Hakimiliki ni jambo la kupigania, usinielewe vibaya, na wewe utakapokuwa na kazi yenye kugombaniwa usikae kimya. Lakini siku ile nilipewa bure habari ambayo hakuna mhariri aliyewahi kunipa. Nikarudi kwa jirani yangu na kwa yule rafiki wa Kirando, nikawauliza kila mmoja aliachia wapi hasa. Wote wawili walinitajia mahali pamoja: kabla tu ya jedwali, pale binti mfalme anapoanza kuelezwa historia ya himaya na mzee mmoja mwenye ndevu ambaye, naomba iwe siri yetu, alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia.

Sasa naandika nyingine, fupi. Sura ya kwanza nimeirekodi kwa simu na kuipeleka mwenyewe kwa kijana wa kibanda aigawe bure, tumekubaliana asipewe mtu sehemu ya pili mpaka aje kuiulizia. Wiki iliyopita nilipita kusalimia. Aliniambia amekuja mama mmoja wa Mpui kuiulizia, na bodaboda wawili, mmoja wao akidai nahodha amekosea kumwachia mdogo wake funguo za ghala. Bodaboda huyo nimemtumia salamu kwamba asubiri.